Kayamba la Keza

Jumamosi, 18 Januari

Vipande mia moja na ishirini. Nimekata waya wa risasi tangu asubuhi mpaka kidole gumba kimevimba. Baridi ya Louisville imenifukuza gereji. Presi, mashine yangu ya kukandamizia punje za bunduki, nimeihamishia jikoni, nimeikaza kwa skrubu pembeni mwa meza ya kulia. Mama Goreti, mke wangu, angekuwa hai, leo ningelala nje mimi na presi yangu.

Keza amelala kwenye kochi. Mjukuu wangu, miaka miwili kasoro mwezi. Mama yake, Goreti wangu, yuko Buffalo anamalizia kozi ya kuhudumia wagonjwa. Baba yake, Aniseti, anapiga shifti mbili kiwandani kulekule. Basi mtoto yuko kwangu hapa Shively hadi mwisho wa Machi. Nikiwa ghalani anashinda kwa Mama Riziki, mlango wa pili. Natoka kazini saa tisa alasiri. Kuanzia hapo ni wangu.

Punje kumi na nne zimeharibika. Mafuta hayakuenea kwenye kalibu. Haraka zangu.

Jumanne, 21 Januari

Bahati kanicheka tena. Ni mume wa Mama Riziki, tunafanya kazi ghala moja. Yeye Mkongo wa Uvira, mimi Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Ananiita Papa ingawa tumepishana miaka sita tu. "Papa, weye ulikimbia bunduki mara mbili, donc sasa uko na ya kwako?"

Ni bunduki ya upepo, bwana. Haina baruti, haina kelele. Niliinunua kwa ajili ya kindi waliokuwa wanamaliza mahindi yangu uani. Kindi wakakoma, mimi sikukoma. Sasa napiga karatasi, kila Jumamosi ya pili, shambani kwa mzungu mmoja wa kazini. Vuta pumzi, tulia, bonyeza. Kwa nusu saa sikumbuki kitu chochote. Tangu mke wangu afariki sijapata kingine kinachonipa nusu saa ya namna hiyo.

Punje za dukani hazikai sawa kwenye mtutu wangu. Natengeneza mwenyewe. Kipande cha waya wa risasi, madini laini yale, kinaingia ndani ya kalibu. Navuta mkono wa presi. Risasi ya ziada inachomoza tunduni, nyembamba kama uzi. Punje inatoka inang'aa, tako lake lina shimo. Nazipima moja moja kwenye mizani. Ghalani mikono yangu inabandika karatasi kwenye maboksi ya watu saa nane nzima. Hapa inatengeneza kitu, na kitu chenyewe kinatoka sawa.

Alhamisi, 30 Januari

Keza amelia saa nzima baada ya kuongea na mama yake kwenye simu. Video ikikatika, analamba kioo. Nikampa ndizi, akatupa. Nikaimba, akalia zaidi, na simlaumu.

Nikachukua kopo la maziwa ya unga. Nikamwagia humo punje zilizoharibika, kama viganja viwili. Nikafunga kifuniko, nikazungushia solotepu. Nikatikisa.

Kimya! Macho yote kwenye kopo. Nikampa. Limemwelemea kidogo lakini hataki kuliachia. Mlio wake ni mzito, mtamu, si kama kayamba la mahindi. Kambini watoto walinifuata kama kuku kwa sababu ya magari yangu ya makopo. Leo nimejiona fundi tena. Amelala amelikumbatia.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Kwaya ikaanza, Keza naye akaanza na kopo lake. Hakosi pigo. Mchungaji mwenyewe akacheka. Mama mmoja akaniuliza mle ndani kuna nini, mbona linalia vizuri hivyo. Nikamwambia siri ya fundi. Nimejisikia kichwa kikubwa mpaka nyumbani.

Maneno yake sasa: Babu, maji, hapana, bado. "Bado" nimemfundisha mimi bila kukusudia. Akija kunivuta suruali nikiwa kwenye presi, namwambia bado, Keza, bado. Sasa na yeye ananiambia nikimwita kuoga.

Jumatano, 26 Februari

Mama Riziki kanikasirikia, na mimi nikamkasirikia. Alikuja kurudisha sufuria akatukuta mezani. Ugali, mboga ya lengalenga, Keza kwenye paja langu. Presi iko ncha ile ya meza, sisi ncha hii. Nilikuwa nimenawa kama tunavyonawa: beseni, birika, maji. Kabla ya kula, maji; baada ya kula, sabuni ya kuondoa mafuta. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyomlea Goreti. Bomba lipo lakini mezani kwangu watu wananawishwa.

Nafinyanga tonge, nalibonyeza kwa kidole gumba, nachota mboga, namtia Keza mdomoni. Anafungua mdomo kabla sijamaliza. Hali kwa kijiko. Kijiko anakitupa.

Mama Riziki akatazama kucha zangu. "Papa, sabuni iko wapi? Bon, hiyo uchafu ya chuma haitoke na mai tupu."

Nikamwambia nimekula kwa mikono hii miaka hamsini na saba na sijafa. Akaondoka bila kuaga. Wanawake wa Uvira wana midomo.

Jumamosi, 29 Machi

Columbus. Tunapokutana siku zote, kwa Yudita, dada yangu mdogo, kwa sababu yuko katikati ya njia. Goreti na Aniseti walikuwa wamefika. Keza alimtazama mama yake kwanza, kisha akamrukia. Goreti akalia. Mimi nikajifanya natafuta funguo.

Wakapakia nguo, viatu, na kayamba. Goreti akalitikisa. Mle ndani kuna nini, Baba? Vyuma vidogo, nikamwambia. Anajua nina bunduki ya upepo na haipendi. Hajui kwamba natengeneza punje zake. Sikutaka mahubiri.

Narudi peke yangu. Saa tatu na nusu za barabara na kiti cha mtoto kitupu nyuma.

Jumanne, 22 Aprili

Goreti kapiga simu nikiwa kwenye mapumziko. Kampeleka Keza kliniki kwa chanjo, wakampima damu kama wanavyompima kila mtoto wa umri wake kule. Damu ina risasi.

Sikuelewa kwanza. Nikadhani mtoto kapigwa risasi. Akasema hapana Baba, ile ya madini, sumu yake, inaingia kwenye ubongo wa mtoto. Wanasema inatoka kwenye rangi ya nyumba za zamani, na nyumba yao ya mtaa wa Lower West Side ni ya zamani mno, rangi inabanduka dirishani. Namba ni kubwa. Siku hizi mtoto halali vizuri, hali, anarusha vitu.

Nilisema pole. Nilisema pole mara nyingi. Kisha kengele ya mapumziko ikalia nikarudi kubandika karatasi.

Alhamisi, 24 Aprili

Boksi la waya lina onyo. Herufi nyeusi. Mchoro wa mikono miwili chini ya bomba. Nawa kwa sabuni. Usile karibu. Weka mbali na watoto.

Nililisoma siku lilipofika. Kiingereza cha maonyo nakijua, ndicho ninachokibandika kila siku. Nilisema Wamarekani hawa wanaandika onyo hata kwenye kikombe cha kahawa.

Nimepitisha kitambaa cheupe kwenye meza, ncha tuliyokuwa tunalia chakula. Kimetoka cha kijivu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkaguzi amekwenda kwa Goreti na kifaa chake cha kupima kuta. Dirisha la chumba cha Keza lina rangi yenye risasi. Goreti ananisomea karatasi kwa simu, amekasirika. Mkaguzi aliuliza pia kama wana sufuria za kutoka ng'ambo, dawa za kienyeji, kama kuna ndugu anayefanya kazi ya vyuma. Goreti kajibu hakuna. Babu yake yuko ghalani, maboksi tu.

Dirisha. Nikasema asante Mungu. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, kumshukuru Mungu kwamba mjukuu wangu analala karibu na sumu.

Nimeandika ili nisije nikajidanganya kwamba sikusema.

Jumapili, 11 Mei

Dirisha limezibwa, kuta zimefutwa, wamempima tena. Namba haijashuka. Imepanda kidogo. Daktari haelewi.

Goreti na Aniseti wamegombana mpaka majirani wamegonga. Aniseti ndiye aliyeichagua nyumba ile. Alikuwa amechoka kuishi chumba kimoja, akaona yenye uwanja, akasaini. Sasa Goreti anamwambia umemuua mtoto kwa tamaa ya uwanja. Aniseti analala kwa rafiki yake siku ya tatu leo. Kijana mpole yule. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alinipigia mwenyewe kuomba msamaha. Mimi! Aniombe msamaha mimi!

Nikamwambia, mwanangu, usijilaumu. Nikaishia hapo.

Kabla hatujakata nikasikia nyuma yake kayamba. Nikauliza Keza bado analichezea? Hapana, akasema, hili ni la watoto wa rafiki yangu. La Keza liko nyumbani, haliachi. Solotepu imeng'oka, sasa anatafuna ukingo wa kopo.

Jumatano, 14 Mei

Nimempigia Goreti. Nimejiandaa tangu alfajiri. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ya boksi.

Nikasema: lile kopo litupe, lina kutu, litamkata mtoto mdomo.

Basi. Hayo ndiyo yaliyotoka. Goreti akasema Baba, nililifunga tena kwa gundi, na usiku ndicho kitu pekee kinachomnyamazisha. Akasema angalau ana kitu cha babu yake kwenye nyumba hii ya laana.

Mwoga mimi. Mshenzi. Kule Burundi, mara ya pili ya kukimbia, nilivuka mto na Goreti mgongoni, maji kifuani, watu wanatufyatulia kutoka ukingoni, nikavuka. Simu nimeshindwa.

Jumatatu, 19 Mei

Kimeiva sasa. Goreti kaamua. Keza aondoke kwenye nyumba ile mpaka wapate nyingine. Arudi kwangu. Jumamosi hii, Columbus, kama kawaida. Anasema: "Baba, kwako ndiko mahali pekee ninapopaamini."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Nikasema mlete.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeomba ruhusa siku mbili. Nimesugua jikoni kwa maji ya sabuni mara nne. Zulia nimelikata, nimelitoa nje. Presi, kalibu, waya, mizani, vyote nimevifunga kwenye mifuko miwili miwili na kuvitia gereji. Pazia nimetupa. Meza nimetupa. Bahati kanisaidia kuibeba akauliza meza ina nini. Nikasema kunguni.

Niandike ukweli maana hapa hakuna wa kunisoma. Mpango ni huu. Keza aje. Kayamba nitalipotezea njiani, kwenye kituo cha mafuta. Nyumba ni safi, mikono itakuwa safi. Namba itashuka. Goreti atasema nilijua, ilikuwa ile nyumba. Aniseti atabaki na lawama lakini yeye ni kijana, ana miaka ya kuzimaliza. Hakuna atakayejua kamwe. Nitakufa mzee mzuri.

Mpango hauna kasoro. Nimeupitia mara tatu na hauna.

Jumamosi, 24 Mei

Nimefika kwa Yudita saa tano. Wao walikuwa wamefika tangu saa nne. Goreti na Aniseti wamekaa kochi moja, kati yao mtu wa tatu angeenea. Goreti amekonda. Aniseti hakuinua macho ila aliponiamkia.

Keza akatoka chumbani anakimbia na kayamba. Amekua. "Babu" hakusema. Alinijua, alinivuta suruali, lakini neno hakutoa. Goreti akasema siku hizi haongei sana. Akasema taratibu tu, anapanga nguo kwenye begi.

Yudita akaleta ugali na kuku. Beseni, birika. Mimi mkubwa, nikanawishwa kwanza. Maji matupu, kama tulivyofundishwa kwa mama mmoja, mimi na Yudita. Nikakaa. Keza akaja akapanda kwenye paja langu, akaweka kopo mezani, akafungua mdomo.

Tonge lilikuwa tayari mkononi. Nimelifinyanga bila kujua.

Nikalirudisha kwenye sahani. Nikachukua kisu cha Yudita, nikakata gundi, nikafungua kopo, nikamimina mezani mbele yao. Punje zikabingirika. Vumbi la kijivu likabaki chini ya kopo, na ukingoni, pale penye alama za meno.

Nikasema ni risasi. Nikasema ni mimi. Natengeneza mwenyewe, jikoni, juu ya meza aliyokuwa analia chakula. Nikasema nilimlisha kwa mikono hii bila sabuni tangu Januari mpaka Machi. Nikasema dirisha lenu lina lake lakini hili ni langu. Nilisema yote. Nilisema vibaya, nilichanganya, Kirundi kikaingia.

Yudita alikuwa ameshika birika. Hakuliweka chini.

Goreti hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliuliza jambo moja. "Umejua tangu lini, Baba?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Ningesema tangu jana. Ningesema ndio kwanza nimeona lile onyo. Nikamwambia tangu siku uliyonipigia ukiwa kliniki.

Akahesabu. Nikamwona anahesabu. Mwezi mzima na siku mbili. Mwezi mzima mtoto anatafuna lile kopo na yeye anamfukuza mume.

Akanitoa mtoto pajani. Akampeleka bafuni. Tulisikia maji muda mrefu. Keza akalilia kayamba lake. Aniseti alikusanya punje moja moja kwa karatasi ya jikoni, akazitia kwenye mfuko pamoja na kopo, akafunga fundo. Akasema atampelekea mkaguzi. Akasema asante Baba. Sijui alinishukuru nini. Sina hakika kama ilikuwa shukrani.

Waliondoka bila kula. Goreti alipita mbele yangu mtoto begani. Hakuniaga. Keza alinipungia.

Jumapili, 25 Mei

Nimelala kwa Yudita. Asubuhi kanitengenezea chai, hakunisema. Nikamwambia, niseme tu, dada. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na wewe ulikuwa nguo yetu.

Sikwenda kanisani. Nimeendesha mpaka Shively redio imezimwa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepeleka vyote mahali wanapopokea taka za sumu. Bahati aliitaka presi. Alisema atafanyia kazi nje, atavaa glavu. Nikamfokea mbele ya mke wake. Mama Riziki alinitazama, na nilijua anakumbuka siku ile ya ugali. Alikuwa na haki ya kuniambia si nilikuambia. Hakuniambia. Ameniletea sombe, kisamvu chao, akaacha mlangoni. Juu ya bakuli aliweka kipande cha sabuni. Nimecheka kidogo, halafu nimelia.

Bunduki nimeiuza kwa yule mzungu wa shamba. Karatasi za shabaha nimechoma. Moja ilikuwa na matundu matano ndani ya tundu moja. Ile nilikuwa nimeibandika kwenye friji.

Nimepimwa na mimi. Damu yangu imejaa risasi. Daktari kauliza najisikiaje. Nilimwambia yangu si neno.

Ijumaa, 4 Julai

Sikukuu. Wanapiga fataki mtaa mzima na mbwa wa jirani amejificha chini ya gari langu. Nimempigia Goreti. Haikupokelewa. Hii ni ya kumi na tisa. Namtumia ujumbe, naona ameusoma. Namwandikia pole, nafuta, namwandikia tena.

Majuto ni mjukuu, tulikuwa tunaimba shuleni bila kujua tunasema nini.

Jumamosi, 6 Septemba

Aniseti kapiga. Amerudi nyumbani tangu Juni, wamehamia nyumba nyingine mtaa uleule, kuta zimepimwa. Namba inashuka. Inashuka vizuri, daktari ameridhika. Ila kilichokwisha kuingia kichwani hakuna wa kukitazama. Watamfuatilia mpaka aanze shule, na baada ya hapo. Ana mwalimu wa kumsaidia kuongea, anakuja mara mbili kwa wiki.

Nikauliza Goreti anasemaje. Akasema, Baba, mpe muda. Kijana niliyemwacha abebe mzigo wangu ndiye ananifariji. Nimemwomba msamaha kwa jina lake, si kwa ujumla. Akasema aliona haya kwa sababu kwa mwezi ule alianza kuamini kweli ni yeye.

Hilo nalo nitalibeba.

Jumatano, 12 Novemba

Ujumbe wa Goreti. Maneno sita tu. Njoo Jumamosi ya ishirini na mbili. Nimeusoma nikiwa kwenye laini ya kazi, msimamizi akanipigia filimbi.

Jumamosi, 22 Novemba

Buffalo. Nimeondoka Louisville jana, nikalala kwa Yudita, nikafika saa saba mchana. Theluji imeshajaa pembeni mwa barabara. Nguo nilizovaa ni mpya, viatu vipya, nimeviacha nje ya mlango kabla sijaambiwa.

Goreti alifungua. Alisema karibu, Baba. Amenenepa kidogo, namshukuru Mungu. Hakunikumbatia. Akanionyesha sinki. Sabuni ilikuwa imewekwa, na brashi mpya ya kucha, bado ina karatasi ya dukani. Akasimama nyuma yangu. Nikasugua kidole kimoja kimoja. Nilipomaliza akafungua bomba tena, nikarudia.

Keza alikuwa anapanga vikombe vya plastiki. Anaongea na vikombe. Nilitega sikio. Nilisikia moja, mbili, nne. Nilisikia hapana. Aliponiona alinyamaza, akamtazama mama yake, kisha akasema Babu. Si wazi sana. Lakini alisema, na Aniseti alisikia.

Mezani kila mtu sahani yake. Yangu ina uma. Hapakuwa na beseni wala birika. Ugali, maharage, samaki. Aniseti aliomba, akataja jina langu kwenye sala bila kulizungusha.

Keza aliteremka kwenye kiti chake akazunguka meza. Akasimama gotini pangu. Akafungua mdomo.

Miezi minane tangu tonge la mwisho. Nilidhani amesahau.

Nikamtazama Goreti. Alikuwa ananitazama mimi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa wa mtu anayetazama maji asijue kina chake. Nikaweka mikono chini ya meza.

"Bado," nikamwambia Keza. "Bado kidogo."

Goreti akavuta sahani yake. Akafinyanga tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha akiwa mdogo kama huyu, akachota maharage, akanyoosha mkono juu ya meza akamtia mwanawe mdomoni. Keza akatafuna amesimama palepale gotini pangu, anainama kuangalia mikono yangu iko wapi.